Chale ya bibi, msalaba wa Mkopti: Wakristo na tatuu ya imani

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na chale mbili fupi kwenye kila kifundo cha mkono, na nyingine tatu kifuani, chini kidogo ya shingo. Zilikuwa nyeusi kuliko ngozi yake na zimevimba kidogo, kama punje za mchele zilizolazwa chini ya ngozi. Alichanjwa akiwa mtoto: wembe ukapita, dawa nyeusi ikasuguliwa penye damu. Hakupenda kuzizungumzia. Alikuwa mama wa kanisa, na Jumapili kanga yake ilipandishwa mpaka shingoni.

Siku moja binti wa mjomba, mwanakwaya mzuri tu, alirudi kutoka mjini na msalaba mdogo wa wino upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Bibi alimshika mkono, akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua.

"Haitoki?"

"Haitoki, bibi."

Akaurudisha ule mkono mapajani kwa mwenyewe, taratibu. "Mjukuu wangu, sisi tulichanjwa hatukuulizwa. Wewe umetoa hela yako."

Nimeanza na bibi kwa sababu ubishi wa tatuu katika makanisa yetu haueleweki bila chale. Mchungaji anapofungua Mambo ya Walawi 19:28 katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea, anasoma: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu, mimi ndimi BWANA." Neno hilo, chale, halisomwi kwetu kama habari ya Waisraeli wa kale. Msikilizaji anamwona mganga, wembe, unga mweusi kwenye jani. Chale huchanjwa kumkinga mtoto na kijicho, kuvuta wateja, kumfunga mpenzi, kuzuia uchawi usiingie mwilini. Kwa hiyo kijana anaposimama na msalaba wake wa wino, wazee hawaoni pambo lililotoka ng'ambo. Wanaona kitu walichokatazwa walipobatizwa, kimerudi kwa mlango wa mbele na kimevaa msalaba.

Si kila alama ya ngozi ilikuwa ya uganga, na hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji walichora nyuso zao nembo za mistari na pembe, wakasugua mkaa ili rangi ikae, na nembo hizo zilimtambulisha mtu kuwa ni wa wapi na kwamba amekua. Wapo wazee waliobatizwa na kuzeeka kanisani wakiwa na nembo hizo usoni. Hakuna aliyewaambia wazifute, kwa kuwa hazifutiki. Lakini watoto wao hawakuchanjwa tena. Kanisa, shule na mji vilimaliza kazi hiyo katika vizazi viwili.

Turudi kwenye aya yenyewe. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "alama" hapo halionekani mahali pengine popote katika Biblia. Mara moja tu. Kwa hiyo wafasiri hulielewa kwa kuangalia majirani zake, na majirani hao ni wengi. Aya iliyotangulia inakataza kunyoa denge na kuharibu pembe za ndevu. Aya ya 19 inakataza nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili. Aya ya 31 inakataza kuwaendea wenye pepo wa utambuzi. Na aya ya 18, katika sura hiyo hiyo, ndiyo ile ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako.

Swali kubwa ni maneno "kwa ajili ya wafu". Je, yanatawala sentensi nzima, au nusu ya kwanza tu? Wanaosema nzima wanakumbusha kwamba mataifa ya jirani walijikatakata wakati wa msiba na wakati wa ibada. Manabii wa Baali kwenye mlima Karmeli walijikata kwa visu mpaka damu ikawachuruzika, na Kumbukumbu la Torati 14:1 inaunganisha waziwazi kujichanja na kufiwa. Kwao, Mungu alikuwa anakataza desturi ya matanga na miungu mingine, wala hakuwa na habari na wino. Wanaosema nusu ya kwanza tu wanajibu kwamba katazo la pili limesimama lenyewe: alama ni marufuku, iwe ya msiba au isiwe. Marabi wa kale nao walibishana. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilishwa karibu na mwaka 200, upo msimamo kwamba anayechoma ngozi na kutia wino ana hatia, na upo msimamo wa Rabi Shimoni kwamba hana hatia mpaka awe ameandika jina la mungu.

Mimi naona watu wa pande zote mbili kanisani hukimbia haraka mno. Anayesema "hiyo ni Torati, imepitwa" hawezi kueleza kwa nini aya ya 18 haikupitwa, wala ile ya waganga. Anayepiga meza kwa aya ya 28 mara nyingi amenyoa ndevu asubuhi hiyo hiyo na amevaa shati la pamba iliyochanganywa na nailoni. Kanisa la kwanza lilikutana Yerusalemu kwa jambo hili hasa, Torati kwa watu wa mataifa, na Matendo 15 inataja mambo manne waliyotakiwa kujiepusha nayo: vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, vilivyosongolewa, na damu. Alama za mwilini hazimo. Basi Mkristo hawezi kufunga mjadala kwa aya moja. Lakini hawezi pia kudhani kuwa mlango uliokosa komeo ni mwaliko wa kuingia.

Kinachonivutia zaidi ni upande wa pili wa Biblia, ambao mahubiri ya tatuu huuruka. Katika dunia ya Wagiriki na Warumi, alama ya wino mwilini ilikuwa ya mtu anayemilikiwa. Mtumwa aliyetoroka alichorwa kwenye paji la uso. Mhalifu alichorwa. Askari naye alitiwa alama ya jeshi. Kwa Kigiriki iliitwa stigma, na wingi wake ni neno lile lile Paulo alilolitumia kwa Wagalatia 6:17: "ninachukua mwilini mwangu chapa zake Yesu." Huenda alimaanisha makovu ya viboko na mawe aliyopigwa, lakini neno alilichagua mwenyewe, na wasomaji wake walilijua linatoka wapi. Alikuwa anasema: mimi nina mwenyewe.

Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 4, Konstantino, kaizari wa Roma, alipokataza wahukumiwa wasichorwe usoni, sababu aliyoitoa ilikuwa ya imani: uso umeumbwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Mikono na miguu aliruhusu iendelee kuchorwa. Na miaka mia moja baadaye, hapa hapa Afrika, Augustino wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, alipobishana na Wadonati, Wakristo waliojitenga na kanisa, kuhusu ubatizo, alichukua mfano kwa askari. Askari akitoroka jeshi, alama yake haifutiki. Akirudi, haandikwi upya. Anapokewa na alama ile ile. Ndivyo ubatizo ulivyo, alisema, na ndiyo sababu aliyerudi kutoka kwenye mafarakano habatizwi mara ya pili. Mkatoliki anayefundishwa katekisimu kwamba ubatizo na kipaimara huacha mhuri usiofutika anafundishwa kwa lugha ya tatuu ya jeshi, hata kama katekista hajui.

Kwa hiyo swali la zamani lilikuwa hili: alama hii inasema wewe ni mali ya nani? Uzuri wake na ruhusa yake vilikuja baadaye. Ukilishika swali hilo mkononi, historia ya Wakristo waliojichora inaanza kueleweka.

Waliojichora ni wengi. Isaya 44:5 inazungumzia mtu atakayejiandika kuwa ni wa Bwana, na Kiebrania chake kinaweza kusomwa "kwa mkono wake" au "juu ya mkono wake". Procopius wa Gaza, mwalimu wa Kikristo aliyekufa katika karne ya 6, alipoifafanua aya hiyo alitaja kwamba Wakristo wengi walijichora kwenye vifundo au mikono alama ya msalaba au jina la Kristo. Katika karne ya 9, Kaizari Theofilo wa Konstantinopoli, aliyepiga vita picha takatifu, aliwakamata watawa wawili ndugu, Theodoro na Theofane, akaamuru nyuso zao zichorwe mashairi ya kuwatukana, mistari 12. Kanisa la Mashariki huwakumbuka mpaka leo kwa jina la "walioandikwa". Aliyetaka kuwaaibisha aliwapa jina la utakatifu.

Upande wa Magharibi, wajumbe wa Papa Hadriani wa Kwanza walifika Uingereza mwaka 786 na kukuta watu wakijichora kwa desturi za kipagani. Waliwakemea. Lakini ndani ya kemeo hilo hilo waliongeza kwamba mtu angevumilia jeraha hilo la rangi kwa ajili ya Mungu, angepata thawabu kubwa. Kisha wakaendelea kuwakemea kwa kupasua pua za farasi na kula nyama yao.

Sasa twende Misri, maana huko ndiko tatuu ya imani inakoishi hadharani kuliko mahali pengine popote. Mkopti, yaani Mkristo wa kanisa la kale la Misri, mara nyingi ana msalaba mdogo wa bluu-nyeusi upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia. Wengi huchorwa wakiwa wadogo, wengine wakiwa bado wanabebwa. Mchoraji hukaa karibu na kanisa au monasteri siku za sikukuu za watakatifu, na mashine yake ya sindano inalia kama nyuki. Mama anamshika mtoto mapajani, msalaba unaisha kabla kilio hakijaisha, pamba inapita, wanaondoka. Si sakramenti, na kanisa halimhesabu asiyechorwa kuwa si Mkristo. Ni desturi, lakini ina kazi. Waislamu wa Misri, kama majirani zetu Waislamu wa pwani, hufundishwa kuwa kuchora mwili kwa kudumu ni haramu. Hina na piko ni sawa kwa kuwa hutoka. Basi msalaba wa wino kwenye kifundo humtenga Mkristo papo hapo. Kanisa linapolindwa kwa hofu ya mabomu, yuko mlinzi mlangoni, na kuonyesha kifundo cha mkono huwa kama kuonyesha kitambulisho. Kitambulisho hicho hakifichiki siku ya kuomba kazi, wala siku ya kukutana na wenye bunduki.

Katika mji wa kale wa Yerusalemu, karibu na lango la Jaffa, ipo familia ya asili ya Kikopti, Razzouk, ambayo kwa maelezo yake yenyewe imewachora mahujaji kwa miaka 700. Wana mihuri ya mbao iliyochongwa zamani: hujaji anachagua picha, muhuri unapakwa wino na kugandamizwa kwenye ngozi, kisha sindano inafuata mistari. Inayopendwa sana ni msalaba wa Yerusalemu, mmoja mkubwa na minne midogo pembeni, na chini yake huandikwa mwaka wa hija. Wahabeshi, Waarmenia, Wakopti na Wazungu wote wamepita mikononi mwa wachoraji wa mji huo. Mwana wa Malkia Viktoria, aliyekuja kuwa mfalme Edward wa Saba, alichorwa huko mwaka 1862. Aliyekwenda Yerusalemu aliporudi kwao hakuwa na haja ya kueleza. Alikunja mkono wa nguo tu.

Bosnia, baada ya Waturuki wa Osmani kuiteka mwaka 1463, wanawake Wakatoliki walichorana misalaba mikononi, vifuani na hata usoni. Wino ulikuwa masizi, asali, na maziwa ya mama anayenyonyesha. Wazee walieleza kuwa msichana aliyechorwa msalaba mkononi asingeweza kulazimishwa kubadili dini bila watu kujua. Watafiti wanaona pia kwamba maumbo mengi, miduara na matawi, ni ya kale kuliko Ukristo wenyewe. Desturi ile ilififia katikati ya karne ya 20. Na Ethiopia na Eritrea, wanawake wengi wa Kanisa la Tewahedo, kanisa la kale la Waorthodoksi wa huko, hasa wa vijijini, wana msalaba kwenye paji la uso au mstari wa misalaba shingoni, uliochorwa kwa sindano na masizi walipokuwa wasichana. Papa Fransisko, alipozungumza na vijana Roma mwezi Machi 2018, aliutaja msalaba huo wa Waeritrea alipowaambia wasiogope tatuu. Alisema tatuu iliyopita kiasi ndiyo shida, lakini hata hiyo ni mahali pa kuanzia mazungumzo na kijana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wanaonionyesha picha za Wakopti kama hoja. Wanasema: tazama, hata wao wanachora, basi nami naeleza imani yangu. Lakini Mkopti haelezi chochote chake. Hakuchagua picha, hakuchagua mahali, mara nyingi hakuchagua hata siku. Msalaba wake ni ule ule wa mama yake na wa muuza mboga wa mtaa wake. Umempa kundi kabla hajajua kusema, na umemfungia mlango wa kujificha. Tatuu ya Dar es Salaam au Nairobi ni kinyume chake: mtu anakaa mbele ya albamu ya michoro au simu, anachagua msalaba wenye mabawa, mikono inayosali, aya aipendayo, maandishi ya mkunjo au ya kizamani. Ni yake peke yake. Sisemi kwamba ni dhambi kwa sababu hiyo. Nasema ni jambo jingine, na lisiazime heshima ya watu waliolipa kwa kitu kingine.

Jirani wa kweli wa Mkopti, kwa maoni yangu, ni yule mzee wa Kimakonde mwenye nembo usoni. Wote wawili waliandikwa na watu wao. Na jirani wa kweli wa yule binti wa kwaya ni mtu aliyevaa rozari shingoni nje ya shati: amechagua kuonekana, na anaweza kuulizwa kwa nini.

Nyumbani kwetu makanisa hayasemi kwa sauti moja. Wakatoliki hawana katazo la moja kwa moja; paroko mmoja atanyamaza, mwingine atasema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kwa kunukuu 1 Wakorintho 6, na hekalu haliandikwi ukutani. Waadventista Wasabato, ambao wengi wao kwetu hukataa hata hereni, hawaoni cha kujadili. Walokole waliorithi moto wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walifundishwa kuacha kila alama ya maisha ya kale. Kwa Wapentekoste wengi kuna hofu nyingine, chapa ya mnyama ya Ufunuo 13, inayopigwa katika mkono wa kuume au kwenye paji la uso. Hofu hiyo naielewa, lakini sura ya 14 inaanza na watu 144,000 wenye jina la Mwanakondoo na la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso zao. Katika kitabu hicho kila mtu ana alama. Tunarudi pale pale pa Paulo: ya nani?

Nje ya kanisa nako hakuna wepesi. Jeshi la Polisi Tanzania, likitangaza ajira, huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini, na wazazi wanalijua hilo kuliko wanavyojua Walawi. Sindano iliyokwisha kutumika kwa mtu mwingine inaweza kuambukiza homa ya ini na Virusi vya Ukimwi. Anayetaja hekalu la Roho aanzie hapo, kwenye sindano, kabla ya kufika kwenye picha.

Lipo jambo moja ambalo natamani wachungaji walisemee kwa upole. Michoro inayotugusa zaidi, ile ambayo hata mshirika mkali huinyamazia, ni jina la mama aliyefariki, tarehe zake mbili, na msalaba juu. Ukiisoma aya ya Walawi kwa uaminifu, hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na katazo, kuliko msalaba mtupu wa binti wa kwaya. "Kwa ajili ya wafu." Sidhani kijana anayefanya hivyo anaabudu mizimu. Anaogopa kusahau. Kanisa lina njia zake za kumkumbuka marehemu: misa, ibada ya arobaini, jina likisomwa madhabahuni mwezi wa Novemba, msalaba wa zege kaburini unaopakwa chokaa kila mwaka. Kijana aliyefiwa akikosa hizo, au akaziona ni za wazee, ataenda kwa mwenye sindano.

Namfahamu mmoja. Aliokoka, akataka kusimama na timu ya kusifu na kuabudu. Kanisa lake lilimwambia aondoe kwanza michoro ya mkononi. Hospitali yenye mashine ya mwanga ilikuwa mbali, na gharama ya kwenda mara kwa mara ilimshinda. Rafiki akamshauri tindikali ya betri ya gari. Alikaa wiki tatu na kidonda kilichofungwa kitambaa, kikatunga usaha, akalazwa. Sasa ana kovu la waridi na kahawia kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, ngozi imejikunja kama nailoni iliyopata moto, na vidole viwili havinyooki sawasawa. Alipiga gitaa zamani. Jina lililokuwa pale lilikuwa la mama yake, na herufi mbili za mwanzo bado zinasomeka.